Mbavu za Mchungaji

Sia, uko hewani? Nimekwisha.

Si nilikuambia leo mchumba wangu Bariki anakutana na baba? Bwana akachagua kibanda cha nyama choma kule Engutoto. Eti bei poa, unachagua nyama yako buchani, unachomewa. Hongera yake.

Sahani ikaja haraka ajabu. Bariki akaiombea kwa kirefu, baba kafurahi. Tukala mbavu mpaka mifupa ikang'aa.

Mara mchungaji wetu wa kanisani huyo hapo, keshanawa mikono, anaulizia mbavu zake. Mchomaji akanyoosha kidole mezani kwetu.

MEZANI KWETU, Sia! Zetu bado mbichi jikoni!

Mchungaji akatazama mifupa. "Angalau mliziombea?"

Baba akajibu: "Huyu kijana aliziombea vizuri mno, mchungaji. Ndiyo maana hata mimi niliamini ni zetu."