Mbaga, Nakusikiliza

Alhamisi, 25 Agosti 2016

Mahudhurio ya asubuhi redioni yamekwisha. Makanya, yupo. Kisiwani, yupo, bado anakohoa. Gonja, yupo. Hedaru hakujibu, betri tena. Mbaga, kimya. Nilingoja kama ninavyongoja kila siku, nikasema asante, nikafunga.

Muuza maziwa hakupita. Chai ya rangi.

Hakuna aliyeniagiza niendelee kuita Mbaga. Kajiru tulimzika mwezi Machi, na kituo kile kilikuwa chake peke yake. Lakini mwita majina ni mimi, na mdomo wangu ulikataa kumruka. Namwita mwisho, nasema "nakusikiliza", nanyamaza kwa pumzi tatu. Wenzangu wanajua.

Jumamosi, 27 Agosti

Kikao cha kikundi chetu cha redio, dukani kwa Anaeli karibu na stendi. Anaeli anatengeneza simu na ndiye mwenyekiti wetu. Sote ni wa kujitolea, hakuna posho, soda tu.

Alhamisi ijayo jua litapatwa. Shule za mlimani zitawatoa watoto nje, na watu wazima watapanda majabalini kama mbuzi. Huko juu simu zinashika hapa na pale. Kazi yetu ni kuwa masikio. Mtu akianguka au akipotea, kituo kilicho karibu kinasema redioni, mimi napokea hapa Same, Anaeli pembeni yangu anampigia daktari wa zamu na dereva wa gari la wagonjwa. Mpango mzuri. Nimeupenda.

Kisha akasema siku hiyo tutaita majina kila nusu saa, kwa hiyo tusipoteze muda. Akanitazama kwa upole, ule unaotumika kwa wagonjwa.

"Mzee Rashidi, Mbaga tuiache tu, baba. Marehemu hatakasirika."

"Na akiitika je?" akadakia yule wa Makanya, mchimba jasi. "Mimi nitakimbia mpaka Korogwe bila viatu!"

Walicheka. Hapakuwa na ubaya. Nami nikacheka. Nikasema nitafikiri.

Nimefika nyumbani na hasira. Sijala.

Jumatatu, 29 Agosti

Gazeti limechora ramani. Huku kwetu jua litamegwa tu. Pete kamili itaonekana kusini, na mstari unapita kati ya Tunduru na Masasi. Nimeweka kidole pale. Ndipo nilipozaliwa.

Niliondoka nikiwa begani kwa baba. Alichukuliwa manamba, kuja kukata mkonge huku bondeni. Mkataba ulikwisha, akaweka mwingine. Mama akafa, baadaye naye. Kambi tuliyoishi sasa ni vichaka na vipande vya sakafu. Kiyao changu kimebaki cha mtoto: naweza kuomba maji na kukataa kulala. Chasu changu, lugha ya wenyeji wa huku, kinawachekesha hata mbuzi. Kiswahili nimekisoma mpaka macho yakaharibika. Ndiyo nyumba pekee ambayo sikuulizwa mlangoni natoka wapi.

Kajiru aliniita Mgeni. Tulijifunza mitambo ya redio pamoja tukiwa vijana kazini, na tangu siku ya kwanza ikawa "Mgeni, umeamkaje?" Nilipooa, Mgeni. Mke wangu alipofariki, alikaa nami siku saba, Mkristo yule, akilala mkekani, na bado Mgeni. Mtu mwingine angeniita hivyo tungegombana.

Alipostaafu alipanda kwao Mbaga, kwenye migomba yake na makaburi ya wazee wake. Mimi nikabaki Same. Sikuwa na mlima wa kupanda.

Kila asubuhi tuliongea mambo ya bure. Huko mvua? Huku vumbi. Basi. Nayakumbuka hayo kuliko vitabu vyote nilivyosoma.

Jumatano, 31 Agosti

Anaeli ametuma ujumbe kwa wote. Vituo vinne, vimepangwa vizuri. Mbaga haimo.

Nimejaribu kuita kama alivyopanga, redio ikiwa imezimwa. Makanya. Kisiwani. Gonja. Hedaru. Inapita laini. Ni kama mtaa ambao nyumba moja imebomolewa, na watu wameshapata njia ya mkato.

Nikimruka kesho, keshokutwa nitamruka pia. Kisha hatakuwapo popote isipokuwa kaburini, na kaburi liko mbali na magoti yangu.

Nimeamua. Nitamwita. Wakiniondoa kwenye kipaza sauti, waniondoe. Ingawa sijui nitaongea na nani asubuhi.

Alhamisi, 1 Septemba

Niandike kwa utaratibu.

Tulianza saa tano, ofisi ya kuazima, dirisha wazi, mwarobaini nje. Hewa shwari. Mahudhurio mawili ya kwanza yalikwenda bila tatizo. Mbaga niliiita yote mawili. Mara ya kwanza Anaeli alikohoa. Mara ya pili alitoka nje, akarudi.

Kuelekea saa sita mwanga ulichujuka. Halikuwa giza. Ilikuwa kama mtu amechanganya maji kwenye mchana. Baridi kidogo. Chini ya mwarobaini kila tundu la mwanga lilikuwa limegeuka mwezi mchanga, mamia, yanatikisika mchangani. Niliyaona kupitia dirisha tu. Na hapo redio ikafurika. Watu wazima, wazazi na wajomba wa watu, wanapiga kelele. Kisiwani: kuku wanarudi bandani. Makanya: jamani, jamani, jamani. Gonja anamkatiza, Hedaru anamkatiza Gonja.

Muda wa majina ukafika. Niliwanyamazisha, nikawaita wanne, wakaitika. Anaeli aliinua kiganja mbele yangu. "Mzee, leo imetosha." Hakuwa na jeuri. Alikuwa amechoka.

Nikabonyeza. "Mbaga. Nakusikiliza."

Pumzi ya kwanza. Mikwaruzo. Ya pili.

"...Mbaga hapa. Mbaga tupo. Jamani, kuna mtu anatusikia?"

Hii naiandika kwa ajili yangu, kwa hiyo sitaficha. Kabla akili haijafika, niliwaza: kumbe kimya cha Kajiru kilikuwa betri tu.

Kisha nikasikia kuwa ni sauti ya mwanamke, na analia.

Ni mwalimu, Nakundwa, jirani wa kina Kajiru. Alipowapeleka wanafunzi jabalini alijua kule hakuna mtandao, akaazima redio ya mkononi ya marehemu kwa mjane wake, Mama Eliza. Alikuwa ameita na kuita. Lakini kwenye masafa yetu sauti yenye nguvu huifunika iliyo dhaifu kabisa, haisikiki hata kama mkwaruzo. Betri ile ilikuwa nusu, na kati yetu kuna bega la mlima. Kila alipofungua mdomo, mmoja wetu alikuwa anasimulia kuku. Na nilipowanyamazisha watu, aliwasikia wanaitwa kwa majina, akaogopa kuingilia. Alipoitwa Mbaga, akaitika. Si ndipo alipo?

Mwanafunzi wake, Neema, darasa la sita, alikuwa amevaa ile miwani myeusi ya kutazamia jua. Ukiivaa huoni kitu kingine chochote, hata miguu yako. Akarudi nyuma hatua kadhaa, apate kuona vizuri. Jabali likaisha. Paja limevunjika, mfupa umetoka, damu nyingi.

Nilisema: vituo vyote, kimya, Mbaga peke yake. Hawakuitika hata kusema sawa. Walinyamaza kweli. Anaeli alikuwa tayari ana daktari kwenye simu, sikio moja, na mimi nikayapeleka maneno yake mlimani moja moja. Funga kitenge juu ya jeraha. Kaza. Kaza zaidi, hata akilia. Msimpe maji. Msimnyanyue bila machela. Mwalimu alirudia kila neno. Sauti yake ilikuwa inazidi kudhoofika, nikamwambia asiongee tena, abonyeze mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana.

Wamefunga? Mara moja. Machela imepatikana? Mara mbili. Baadaye, mara moja. Mnashuka barabarani? Mara moja.

Halafu hakuna.

Tukakaa hivyo. Watu wanne milimani na bondeni, na sisi wawili, tunasikiliza mikwaruzo. Hakuna aliyegusa kitufe mpaka dereva alipopiga simu kuwa amewakuta, mtoto anapumua.

Anaeli alikaa sakafuni.

Nilipotoka nje, matundu ya mwanga chini ya mwarobaini yalikuwa duara tena. Sikuliona jua.

Ijumaa, 2 Septemba

Neema amefanyiwa upasuaji. Yuko hai. Mguu watajua baadaye.

Anaeli alikuja asubuhi na lita ya maziwa. Alikaa, akanywa chai yangu, akazungumza bei ya vioo vya simu. Akiwa mlangoni akasema, "Mzee, Mbaga tuirudishe."

Nikamwambia haikutoka.

Makanya ananitania kuwa bado anatafuta viatu vyake.

Jumapili, 11 Septemba

Nimepanda Mbaga. Magoti yananilipiza kisasi.

Mama Eliza aliniona kwenye kona ya migomba, akaita kwa sauti kuelekea nyumbani, "Mgeni amefika!" Nilisimama kidogo nijifanye natafuta njia. Tangu Machi sikuwa nimeitwa hivyo.

Kaburi limejengewa. Maua ya karatasi. Nilimwambia yaliyotokea, kwa kifupi. Hakupenda hadithi ndefu.

Mwalimu Nakundwa alikuja baada ya ibada. Mdogo kuliko sauti yake. Alipiga magoti kunisalimia, nikamwambia inuka mwanangu, marahaba. Tukala makande. Neema, anasema, tayari anagombana na wauguzi. Kisha akaweka sahani chini.

"Babu, nina ombi. Nataka nisome, nifanye mtihani wa leseni. Niwe Mbaga."

Mama Eliza akasema, "Achukue. Ile redio iko kabatini, inanitazama tu."

Nilitaka kusema hapana. Lilikuwa tayari mdomoni. Kwamba kile si kituo, ni mtu. Kwamba mlimani kuna majina mengi, achague jingine. Kwamba zile pumzi tatu ndizo zilizomfanya asikike, na akiingia yeye, hazitakuwapo tena. Nilimpigania marehemu abaki kwenye majina, akabaki, na sasa ndiyo hivi.

Wote wawili walikuwa wananingoja.

Mwalimu ana shule nzima ya watoto na jabali halijahama. Nikaomba redio iletwe. Nikamwonyesha namna ya kuishika: usiiweke mbele ya mdomo, iweke pembeni ya shavu, pumzi isiingie. Kajiru hakuwahi kujifunza hilo. Miaka yote alinipulizia sikioni.

Jumatano, 21 Septemba

Naendelea kuita kama kawaida. Mbaga, nakusikiliza. Pumzi tatu. Nilidhani nitazifaidi kwa kuwa zinakwisha. Sizifaidi. Nazihesabu tu.

Jumapili, 16 Oktoba

Amefaulu. Anaeli alipiga simu akipiga kelele kana kwamba amefaulu yeye. Karatasi za kuruhusiwa zimetoka. Ataanza Jumatatu ya tarehe 24.

Nilisema hongera. Nilimaanisha. Kisha nikaenda kulala mchana, jambo ambalo silifanyi.

Jumatatu, 24 Oktoba

Mawingu, mvua bado. Mlima hauonekani kutoka dirishani.

Mahudhurio ya asubuhi. Makanya, yupo. Kisiwani, yupo. Gonja, yupo. Hedaru, yupo, amenunua betri.

"Mbaga. Naku..."

"Mbaga nipo, babu, shikamoo! Huku ukungu mtupu, hata migomba siioni!"

Sauti safi. Hakuna pumzi ndani yake.

Nikasema marahaba. Nikasema huku vumbi.

Baada ya Mbaga hakuna kituo kingine. Sikusema asante mara moja. Nilikaa na kidole pembeni ya kitufe, kwa muda uleule. Hakuna aliyeuliza kwa nini sijafunga. Wala hakuna aliyeingia.

Kisha nikafunga.

Muuza maziwa amepita.