Poda ya Lavonne Haikunukia

Greenwood, Mississippi
Machi

Mdogo wangu Lavonne,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji Curtis na watoto. Natumaini baridi ya Milwaukee imeanza kulegea na kifua cha Curtis kimetulia. Mwambie aache kutoka kichwa wazi, yeye si kijana tena. Huku tunaamka na kulala. Mpichi wa nyuma ya nyumba umechanua, na jirani yetu Bi Hattie bado analeta sahani ya samaki wa kukaanga na mkate wa mahindi kila Jumapili, kana kwamba tumemzika Mama jana.

Nimekupigia simu, hupokei. Basi nimeshika kalamu, maana barua huwezi kuikatia. Najua umekasirika. Binamu Roscoe amenieleza unavyosema: kwamba Mama aliiua kesi kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba dawa za maumivu zilimvuruga akili, na kwamba mimi niliyekuwa pembeni yake nilipaswa kumziba mdomo. Soma mpaka mwisho kabla hujanitukana. Nafasi ya kunitukana utaipata.

Wewe ulikuwa mbali, hukuona ilivyokuwa. Mama alipopatikana na saratani ya ovari, Bi Hattie ndiye aliyeona tangazo kwenye televisheni na kutuletea wakili Pruitt. Huyo akatueleza kwamba wanawake wengi wameshtaki, wanadai poda ile ya watoto ya jiwe la talki ilikuwa na vumbi la asbesto liletalo saratani, na kampuni inakana kabisa. Mama kwanza alicheka. Akasema maisha yake yote ameambiwa mwanamke mweusi akitoka jasho atanuka, akajipaka poda kila siku ya Mungu ili asimkere mtu, na sasa poda nayo imemgeuka. Kisha hakucheka tena.

Kampuni ikataka kumhoji kwa kiapo angali hai. Wakaja na kamera hadi sebuleni, wakakisogeza kiti cha Baba bila hata kuomba. Mama alikataa kupigwa picha akiwa na gauni la kulalia. Alitaka gauni lake jeupe la kupokea watu mlangoni kanisani, na glavu zake, na mimi nikamvika, Lavonne, nikalikunja mgongoni kwa pini maana mwili haukuwepo tena. Akamwambia mpiga kamera asimpige kutoka chini kama anapiga picha ya ng'ombe wa maonyesho. Hata mawakili walicheka.

Alijibu vizuri sana kuanzia asubuhi. Kopo la aina gani, alijipaka vipi, tangu lini. Halafu wakili wa kampuni, binti mmoja mpole mwenye sauti ya chini, akamwuliza kama kopo la poda hiyo, katika nyumba ile, liliwahi kutiwa kitu kingine. Pruitt hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Mama hakuitazama kamera. Alinitazama mimi, akasema ndiyo.

Akaeleza kwamba mwaka uliozaliwa wewe ndio mwaka Baba aliopoteza kazi kwenye kiwanda cha pamba. Poda ya mtoto wa pili, zaidi ya ile yake mwenyewe, hakuweza kuinunua. Wanawake wa kanisa walikuwa wanakuja kumwona mtoto mchanga, na nyumba isiyo na kopo lile juu ya kabati la kioo wangeisema. Kwa hiyo aliosha kopo tupu, akalijaza wanga wa mahindi, huu huu wa kutilia mchuzi uwe mzito, akaliweka pale. Hilo ndilo lililokuwa kopo lako mpaka ukawa msichana mkubwa. Yule binti akamwuliza basi atajuaje yeye mwenyewe alijipaka nini. Mama akamwambia, "Mwanangu, aliyemimina ni mimi." Lakini Pruitt alikuwa ameshafunga mkoba wake. Baadaye akatuarifu kwamba kesi hawezi kuibeba tena, maana kampuni itasema hata kopo la Mama lilikuwa na wanga.

Walipoondoka nilimkasirikia Mama kama wewe unavyonikasirikia. Nikamwambia hakuna aliyejua, angenyamaza tu. Akasema, "Lavonne anaamka kila siku anajipapasa tumbo. Ananipigia analia kwamba nimempaka kifo tangu siku aliyozaliwa. Hiyo fidia itamsaidia nini na ameshajizika? Nimetaka kumwambia nikashindwa kwa aibu. Nilipoulizwa nimeshaapa, nikasema basi." Akakumbuka ulivyokuwa ukilalamika utotoni kwamba poda yako hainukii kama yake, naye akikwambia una mafua. Akaniagiza nikuombe msamaha kwa ule wanga. Alitaka kukuambia mwenyewe siku utakayokuja, lakini hakufika siku hiyo.

Kwa hiyo tulia, mdogo wangu. Nenda kapimwe hata hivyo, maana ugonjwa wa mama haudharauliwi, lakini poda ile hukupakwa.

Sasa utauliza kwa nini nimekaa na maneno haya tangu mazishi. Mama alipomaliza kuniagiza, alinishika mkono akaanza kulia, na hakunyamaza mpaka usingizi ulipomchukua. Nilijifanya sijui analilia nini. Lavonne, mimi nilizaliwa Baba akiwa na kazi. Uliniita Malkia wa Poda kwa sababu nilikuwa nachota kwenye kopo la Mama mwenyewe, na ulinionea wivu, na mimi nilikuwa naringa kwelikweli. Mwezi uliopita daktari aliniona na uvimbe tumboni. Hasemi umetokana na nini, na mimi sikumwuliza. Nitapasuliwa Jumatatu baada ya Pasaka.

Naogopa. Sijamwambia mtu yeyote hapa, hata Bi Hattie, maana ataanza kuleta sahani mbili.

Msalimie sana Curtis, na watoto wabusu kwa niaba ya mama yao mkubwa wa Kusini. Bi Hattie anakusalimu, anasema bado una deni la kumfundisha keki yako ya limau. Kitanda chako nimekitandika. Njoo, Lavonne. Ya kesi yameisha. Njoo ukae nami tu.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Ernestine