Kidevu Kilichonyolewa Mara Mbili

Mama yangu,

Shikamoo. Ipokee kwa mikono miwili, maana ni shikamoo ya miezi miwili iliyolimbikizana. Natumaini goti lako limeacha kelele, na kwamba Dada anakukalisha kwenye kiti chenye mto, si kile kigoda cha jikoni. Wale mapacha waambie mjomba wao bado ndiye mwanamume mzuri kuliko wote katika ukoo huu, na kwamba vichwa vyao visiguswe na kinyozi mwingine mpaka nifike. Mimi sijambo. Nyumba nayo haijambo. Lile bati la jikoni lililokuwa likivuja nililipanda mwenyewe nikaliziba, na sasa linavuja mahali pengine.

Shuleni walitufundisha kwamba madhumuni ya barua yakae mstari wa tatu. Mimi shule niliiacha kabla haijaniacha, kwa hiyo utanisamehe. Madhumuni yangu yana haya, yamejificha nyuma ya mengine. Yatatoka tu, nipe nafasi.

Nianze na mpangaji wako. Kocha anakusalimu sana. Bado anaamka alfajiri, bado anatandika kitanda kama askari, na lile kopo lako la vifungo bado liko mezani kwake. Usiwe na wasiwasi, hajapoteza hata kimoja. Kifungo cha koti ndicho golikipa, vile vyeupe vya shati ni mabeki, na kile chekundu cha gauni lako la harusi ya Dada ndiye mshambuliaji. Jioni tukishakula ananipangia mchezo mzima hapo mezani na kunieleza kwa nini chekundu asimame hapa na si pale. Mimi hutikisa kichwa kama mtaalamu. Unanijua, nimekata nywele katika miji mitatu, nimenyoa mawaziri wawili na mwizi mmoja, na wa mwisho huyo ndiye pekee aliyesema asante. Sikosi la kusema. Lakini kwa Kocha mimi husikiliza.

Basi Mama, timu yetu ya Viraka, ambayo viraka vyake vya kwanza ulivishona wewe kwa mashine yako, iko nafasi ya pili. Ya pili! Sisi tuliokuwa tukiomba dua tusishuke daraja. Kilichotuponza ni kuwafunga Matajiri mabao mawili kwa moja nyumbani kwao. Siku ile tulirudi tukiimba mpaka Mama Filimbi akapotewa na sauti, na kwa wiki nzima alipuliza filimbi tu kuitikia salamu. Lakini wiki ya pili redio ikatangaza kwamba Matajiri wamemfukuza kocha wao. Furaha yetu ikapoa kama chai ya mgeni aliyechelewa. Kila mtu alijua watamtaka nani.

Hapo ndipo watu wazima na akili zao walipogeuka vichekesho. Mama Filimbi alikuwa akipita nyuma ya nyumba yetu kila asubuhi kuhesabu nguo za Kocha kwenye kamba, maana alisema mwanamume akifua mashati yote siku moja ana safari. Fundi Baiskeli alimwomba Kocha baiskeli aikague breki. Akaing'oa gurudumu la mbele, na kwa wiki mbili kila akiulizwa anasema kuna kipuri kinasubiriwa. Kocha akawa anakwenda uwanjani kwa miguu. Na njiani alisimama kila hatua kumi, maana watu walianza kumsalimia kama bwana harusi. Aliletewa miavuli mitatu. Nilipowauliza kwa nini miavuli, wakanijibu kwamba mtu mwenye mwavuli mzuri hakimbii mvua ya kwao.

Tukaunda kamati. Mwenyekiti, bila shaka, mwanao. Si kwamba niliomba, lakini kila mwanamume wa mtaa huu hukaa kwenye kiti changu na kuinamisha kichwa, na mtu aliyekwisha kukuinamishia kichwa hawezi kukunyima kura. Kazi ya kamati ilikuwa moja: Kocha asiondoke.

Mama, anaondoka.

Barua ya Matajiri ilikuja Alhamisi. Kocha alinisomea akiwa amesimama mlangoni. Walimwita kwa mazungumzo, akaenda, akarudi amekubali. Mwisho wa mwezi ndio mwisho wake hapa. Ndani ya barua ile mlikuwa na maneno kwamba wamemchagua kutokana na ushindi wake na pia "kwa taarifa za watu wa karibu naye." Kocha, kwa uungwana wake, aliwasomea wachezaji barua yote, na kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa umeyashika maneno hayo manne tu: watu wa karibu naye. Nani? Nani aliyemsifia kwa Matajiri? Nani kamuuza Kocha wetu?

Fundi Baiskeli aliapa kwamba akimjua mtu huyo atamtoa upepo magurudumu kila asubuhi mpaka siku ya kiyama, na asipokuwa na baiskeli atamnunulia moja ili amtoe upepo. Mama Filimbi akasema adhabu hiyo ni ndogo. Kamati ikageuzwa kazi, ikawa ya kumsaka msaliti. Mwenyekiti akabaki yule yule. Na mwanao, Mama, nilipiga meza kuliko wote. Nilipiga mpaka machanuo yakaruka.

Siku tatu hazikupita wakawa wamempata. Muuza Dawa. Unamkumbuka, yule mpole wa duka la pembeni, anayekuja kila mechi na mkoba wake wa bandeji na kukimbia uwanjani mchezaji akianguka, halafu anarudi anahema kuliko majeruhi. Ushahidi? Amenunua redio mpya, na mtu mmoja aliwahi kumwona akizungumza na mgeni aliyevaa viatu vilivyong'aa. Basi. Sasa hasalimiwi. Mama Filimbi anakwenda kununua dawa ya kikohozi mtaa wa nne, na kikohozi chenyewe kinapona njiani. Juzi Muuza Dawa alikuja kunyolewa. Waliokuwa wakisubiri wakanyanyuka mmoja mmoja, wakatoka kana kwamba moshi umeingia. Akabaki yeye na mimi. Akaniomba, kwa sauti ya chini, kwamba mimi kama mwenyekiti niwaambie watu kuwa mgeni yule alimuuliza tu pa kunyolea ndevu, naye akamwelekeza kwangu. Alisema timu hii ndiyo ndugu pekee alio nao hapa. Nilimnyoa, Mama, na nikamkata sikio kidogo. Mimi, ambaye sijamkata mtu tangu mwaka wa mafuriko.

Haya, nimefika. Kaa vizuri kwenye kiti chako chenye mto.

Mgeni yule alifika dukani kwangu Jumanne moja asubuhi, siku tisa kabla ya barua. Alikaa, akasema ndevu. Nikampaka povu, nikapitisha kidole kidevuni. Kilikuwa laini kama yai. Mtu huyu alikuwa amenyolewa asubuhi ile ile! Mwingine angedhani ni mwendawazimu, lakini mimi nimekaa mijini. Mtu anayekuja kunyolewa kidevu kilichokwisha kunyolewa hakuja kwa ajili ya wembe, amekuja kwa ajili ya mdomo wa kinyozi. Na aliponiuliza kama ni kweli yule kocha wa Viraka anaishi kwangu, nikajua nimemshika mtumishi wa Matajiri akiwa na povu masikioni.

Nikajiambia, leo ndiyo leo. Nitamchafua Kocha mpaka wamkimbie. Nikaanza. Nikamwambia huyo mtu ni mkaidi wa kutupwa, mwenyekiti wa klabu alileta mkwewe acheze, Kocha akamweka benchi miezi minne na mwenyekiti akanuna mpaka leo. Nikamwambia ni bahili, mpira uliangukia juu ya paa la shule akapanda mwenyewe kuufuata, na mvua ile! Nikamwambia hana adabu ya vyeo, anaweza kumwacha mkurugenzi amesimama huku yeye anamalizia mazungumzo na mama anayefua jezi. Nikamwambia hasahau, golikipa alichelewa dakika tano akakaa nje mechi tatu, hata machozi yake hayakusaidia. Mgeni akawa anaguna tu, aha, aha, na mimi nikawa nashindilia. Mama, nilikuwa najiona mjanja wa wajanja. Mpaka nilipoona povu limepasuka pembeni ya mdomo wake. Alikuwa anatabasamu.

Hapo ndipo nilipoyasikia maneno yangu kwa masikio ya mtu mwingine. Nilikuwa namsifia! Nilikuwa nimetafuta ubaya wa mtu yule kwa miaka mitatu ya kuishi naye nyumba moja, na hicho ndicho kibaya nilichopata.

Mgeni akauliza swali la mwisho. Akauliza, je, anakunywa? Mlango ukawa wazi wenyewe. Neno moja tu, Mama. Ningesema ndiyo, basi, ningesema kila Jumamosi hubebwa na watu, Matajiri wasingemgusa hata kwa fimbo. Wembe ulikuwa chini ya kidevu chake na mimi nimesimama, neno liko ulimini tayari. Nikakumbuka homa yangu ya mwaka jana. Hukuambiwa, tulikuficha ili usipande basi na goti hilo. Siku nne Kocha alinikanda kwa kitambaa, na ya nne ilikuwa ya mechi. Alinipikia uji kwanza, akafika uwanjani kipindi cha kwanza kimefika katikati, na walipomuuliza alisema alilala kupita kiasi. Alijichafua yeye mwenyewe ili mimi nisionekane mzigo. Basi mtu huyo nimwite mlevi?

Nililimeza lile neno. Nikamwambia mgeni kwamba anakunywa chai, na sukari anazidisha. Akalipa, akaenda.

Kwa hiyo aliyemuuza Kocha ni mimi. Na nikueleze na la pili, maana likitoka moja yote yatoke. Watu wanadhani nilitaka Kocha abaki kwa ajili ya Viraka. Uongo. Mechi tutashinda na tutafungwa kama zamani. Nilitaka abaki kwa sababu tangu mke wangu aondoke, na wewe ukaenda kulea wajukuu, yeye ndiye anayeniuliza siku yangu ilikuwaje. Mdomo wangu wote huu, Mama, hakuna mtu mwingine anayeniuliza. Ningemharibia riziki ili nipate wa kuongea naye jioni. Niliikaribia dhambi hiyo kiasi cha unene wa wembe.

Jana Kocha alikuwa anapanga mashati yake sandukuni. Bila kunitazama, akaniambia kwamba kwenye mazungumzo walimsomea malalamiko ya kinyozi mmoja, ukurasa na nusu, na kwamba tangu azaliwe hajawahi kulalamikiwa kwa mapenzi namna ile. Nikajifanya natafuta chanuo. Akaendelea kukunja mashati. Kisha akaniuliza siku yangu ilikuwaje, nami nikakosa la kusema. Yaandike hayo mahali, hayatatokea tena.

Jumamosi saa nane kamati inakutana kumfuta Muuza Dawa kwenye daftari la mashabiki. Mimi ndiye nitakayefungua mkutano, na nikishafungua nitasema. Nilipomweleza Kocha, alisema anataka kusimama karibu nami, nikamkatalia, nikamwambia abaki nyumbani. Hili ni la kwangu. Nimekuandikia wewe kwanza ili nizoee kulitamka, kwani nikiweza kulitamka mbele yako wewe, uliyenilea kwa kandambili na ukweli, basi Fundi Baiskeli ni mtoto mdogo. Ukisikia mwanao amehamia kwenu na mkasi wake, mwambie Dada atandike mkeka, asiulize maswali.

Mnisalimie shemeji, mumwambie upara si ugonjwa, asiendelee kununua yale mafuta. Wabusu mapacha. Wewe funga goti lako kitambaa cha moto, na usinikasirikie zaidi ya siku mbili, ya tatu nitakuwa nahitaji dua yako.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kinyozi,
Mwenyekiti wa Kamati ya Kumsaka Aliyemuuza Kocha,
mpaka Jumamosi saa nane mchana.