Chura Mwekundu, Uyoga Mwekundu na Baba

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto. Natumaini goti limepoa. Sisi wazima. Ningepiga simu, lakini ungenikatiza kabla sijafika katikati, kwa hiyo nakuandikia.

Unajua kazi yangu ni kulisha wanyama wadogo kwenye jumba la maonyesho. Mwezi huu mkuu wetu alitaka meza ya kulinganisha chura na uyoga, vyote vyekundu, vyote vyenye sumu. Nikadhani kazi rahisi. Kumbe vinafanana rangi tu. Uyoga hujitengenezea sumu wenyewe. Chura huipata kwa wadudu anaokula msituni, hasa sisimizi. Ukimfuga kwenye kioo, ukamlisha nyenje wa kufugwa, wekundu unabaki lakini sumu inaisha polepole.

Jumamosi nilikwenda kazini na Baba, maana nyumbani alikuwa anatazama ukuta tu. Tangu alipoanguka karakanani tukamhamishia kwangu, umekuwa ukinisifu kwamba nimemtuliza mzee. Kweli ametulia. Seremala yule yule aliyemwambia mteja kwamba mlango haukupinda, kilichopinda ni macho yake, sasa ananishukuru kwa kila kikombe cha chai. Hata jirani yangu anayepiga redio kwa kelele, Baba hajamtukana. Sikufichi, nilijiona hodari.

Alisimama mbele ya meza ile, akaniuliza hili na lile, nikamweleza yote. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba maisha yake yote alijidhania uyoga, kumbe ni chura.

Dada, nilishindwa kumtazama usoni.

Basi usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu: nimemrudisha kwake, kwenye karakana yake, na si kutembea, amerudi kuishi. Bafuni nimefungisha vyuma vya kushikilia, na fundi mwenzake atakuwa analala pale. Najua anaweza kuanguka tena. Akianguka, lawama nitabeba mimi, na nitaibeba.

Nilipomuaga alikuwa ameshika randa, anamfokea muuza mbao mpaka mshipa wa shingo umemtoka. Nikamuuliza kama ameshapumzika. Akaniambia nisogee, namzibia mwanga, na kwamba tangu utotoni sijui pa kusimama. Nilicheka na kulia njia nzima.

Wabusu watoto. Ukimpigia Baba simu, jiandae.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba