Gari Lile Lile kwa Mkono wa Kushoto

Bondeni, Mombasa

Mamangu mpenzi,

Naubusu mkono wako, na namuomba Mola barua hii ikukute mzima na goti lako limepoa. Baba je, bado kifua chamsumbua alfajiri? Mimi mwili hauna neno, lakini moyo haujatulia, na sababu ni ndugu yangu Swaleh.

Ulipata habari kuwa msumeno wa karakana ulimkata mkono wa kulia. Jeraha la nje limefunga, mama, lakini vidole viwili vimekakamaa na ndani mna usaha. Daktari ataka kumpasua tena, na amesema wazi huenda vidole hivyo vikaondolewa. Asipopasuliwa, ubaya waweza kupanda mkono mzima. Swaleh alikataa katakata. "Mkono ni wangu," alimwambia daktari, "nitakaa nao ulivyo." Tangu hapo akawa hali, halali, hasemi na mtu.

Rafiki yake Hamza akaona amtoe nje kidogo. Kabla ya ajali walikuwa wakienda chumba kimoja hapa Bondeni, penye mashine za gemu zinazounganishwa na televisheni. Gemu yao ilikuwa ya mashindano ya magari, na Swaleh alikuwa hashindiki. Lakini mashine ile huchezwa kwa kishikio kidogo chenye vifungo: mkono wa kushoto hupinda gari, wa kulia hutia moto, yaani huongeza mwendo. Swaleh akajaribu kukiegemeza pajani, kikamponyoka. Akajaribu tena, kikaanguka sakafuni. Chumba kizima kikanyamaza. Hamza asema kule kunyamaza ndiko kulikomuumiza. Akainuka akatoka, na nyumbani hakuja.

Mama, alasiri ile sitaki kuikumbuka. Nilimtafuta Tudor kwa rafiki zake, hayuko. Nikaenda hadi Kibarani, kule kwenye karakana, nikamkuta amesimama nje ya ukuta.

"Wafanya nini hapa?"

"Nasikiliza misumeno tu."

Nikamshika mkono wake wa kushoto, ule mzima, tukarudi. Sikuthubutu kumuuliza zaidi.

Sasa, ofisini kwetu Mji wa Kale, ninakopiga chapa karatasi za mizigo, Bwana Faraji mwenye ofisi ana kompyuta, na mwanawe aliitia gemu ile ile. Niliwahi kuwaona makarani wakiicheza saa ya chakula: vidole vya mkono mmoja juu ya vitufe vya mishale, mkono wa pili umeshika sambusa. Jambo hilo likanijia nikiwa napiga chapa, nikaacha kazi palepale nikaenda kumuomba Bwana Faraji.

"Mlete Jumamosi tukishafunga," akasema. "Lakini akishindwa asinipigie kompyuta ngumi."

Swaleh alikuja kwa kuburutwa na Hamza. Akakaa, akakitazama kioo, akakunja uso.

"Hii siyo."

"Ndiyo hiyo hiyo," nikamwambia. "Soma jina."

"Jina ndilo, lakini gari hili limechoka, dada. Kule barabara yaja mbio, yateleza. Hapa yaruka-ruka kama mkanda mbovu wa video. Na huo mlio! Ni wa gari au wa mbu?"

Mama, hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu atoke hospitali. Nikaacha alalamike. Akauweka mkono wa kushoto kwenye vitufe, akagonga ukuta, akatumbukia mtoni, akagonga tena. Hamza akataka kumsaidia, nikamkonyeza aache. Baadaye kidogo Swaleh akaanza kuona na mazuri yake: huku milima imechorwa vizuri zaidi, mabango ya kando ya njia yasomeka, na ukichoka waweza kuhifadhi ulipofika, si kama kule, ukizima waanza upya. Kidole kimoja chapinda huku, kimoja kule, cha katikati chatia moto. Alipomaliza mzunguko bila kugonga, Hamza akaketi kushindana naye kwa mikono yake miwili, na bado akaja nyuma yake. Swaleh akacheka hadi Bwana Faraji akachungulia mlangoni.

Kisha akautazama ule mkono wa bendeji.

"Dada, wakivitoa viwili, hivi vingine vitabaki?"

"Daktari asema vitabaki inshallah, tukiwahi."

"Basi twende. Lakini mama awepo."

Nimeshaongea na hospitali. Watampasua Jumatano ijayo asubuhi. Naogopa, mama. Naogopa tumekawia. Naogopa atabadili nia, maana jana aliniuliza tena kama ni lazima. Kila akikohoa nafikiri ni homa. Tafadhali, panda basi upesi. Hamza atakupokea stesheni akulete moja kwa moja. Akija baba pia tutajibana, mahali papo.

Nisalimie shangazi Rukia aliyetulea, ami Kassim na watu wa nyumbani kwake, na jirani yetu mshona kofia. Waombe wamuombee dua Swaleh, wamtaje kwa jina.

Mimi bintiyo akupendaye,
Mwanaisha

Mama, Swaleh ataka kunipokonya kalamu. Yanayofuata ni yake.

MAMA NI MIMI. NAANDIKA KWA KUSHOTO. HATI MBAYA USICHEKE. NJOO KABLA HAWAJANILAZA.