Gramu Mia Saba

Jumamosi, 3 Agosti 2024

Mgeni wetu wa uwindaji amefika kambini saa nane mchana. Nilitegemea mzungu, kumbe mtoto wa Isevya, wa kwetu hapahapa! Daktari Modest, wa meno, ana kliniki yake Dar. Ameniamkia shikamoo kwa heshima zote, nikaitikia marahaba, nikamwona kijana wa watu. Halafu akafungua gari.

Kila kitu chake ni chepesi. Bunduki ina kitako cha kaboni na mtutu mwembamba, kilo tatu kasoro kidogo. Amenipa niishike. Nimeishika kwa vidole viwili nikamuuliza iliyobaki itakuja na basi gani. Amecheka, si mtu mbaya. Kijiko cha titaniamu. Hema linaingia kwenye soksi. Mswaki ameukata mpini nusu ili kupunguza uzito – nimeuona kwa macho yangu. Kitambi tu ndicho alichokuja nacho kizima.

Anasema siku hizi mwindaji anajibebea mwenyewe. Mambo ya wapagazi yamepitwa na wakati. Amelisema hilo mbele yangu mimi, niliyebeba bunduki kubwa ya bosi misimu kumi na tisa! Bunduki yenyewe tunaiita Bibi. Kilo tano na ushee, na hapo mkanda wa risasi sijautaja. Mgeni anapiga na ya kwake. Mambo yakiharibika, bosi ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mimi namweka Bibi kiganjani. Kazi yangu ndiyo hiyo. Imesomesha watoto watatu.

Bosi ni Adriano. Leseni ni yake, lawama ni zake. Alikuwa amesimama pembeni anamsikiliza Daktari kwa makini mno. Baada ya chai akaniita. Msimu ujao nafasi zitakuwa chache, Leonadi, anaangalia nani bado anatembea. Amelisema kwa upole, na upole wa Adriano ndio unaonitisha.

Goti langu la kulia limevimba tangu Juni. Yeye hajui. Na asijue.

Jumapili, 4 Agosti

Misa hakuna huku porini. Nimesali rozari nusu, nusu nyingine nimesinzia. Seminari ya Kipalapala nilitoka mwenyewe zaidi ya miaka thelathini iliyopita, nikamuoa Jeska, na sijajuta hata Ijumaa Kuu. Ila mazoea ya kuandika dhamiri hayakutoka. Padre alituambia tuandike bila kujipendelea. Haya.

Risasi ishirini za mkandani hazimo mkandani. Zipo kambini, chini ya kitanda changu, ndani ya soksi. Kwenye mkanda nimeweka maganda matupu ishirini ya misimu iliyopita, nimeyasugua kwa jivu yakang'aa. Mkanda ni wa vifuko. Ukifunua unaona matako ya shaba tu, na matako ya ganda tupu na ya risasi nzima yote ni matako.

Nimefanya hivyo kwa ajili ya goti. Bibi siwezi kumpunguza. Maji siwezi. Risasi ziliwezekana. Ndani ya Bibi kuna nne za kweli, na katika misimu yote kumi na tisa sijaona Adriano akipiga zaidi ya tatu kwa siku. Kwa hiyo si dhambi, ni hesabu.

Jana afande Veneranda, askari wa wanyamapori anayetusindikiza kwa mujibu wa sheria, alihesabu mkanda. Alipitisha kidole kwenye matako. Ishirini. Akaandika.

Jumatatu, 5 Agosti

Leo nusura niumbuke. Nimeokolewa na babu wa babu yangu.

Asubuhi Daktari ametundika mizani kwenye tawi. Ndogo, ya betri, yenye ndoana. Akaanza kupima. Begi lake, begi la shemeji Nibizi, debe la maji, na kila namba anaiingiza kwenye simu. Nibizi ni kaka wa Jeska, ndiye mfuata nyayo wetu, mtu asiyeongea kabla ya saa nne. Hata yeye alinung'unika. Kisha Daktari akaja kwangu. “Mzee Leonadi, naomba na huo mkanda.”

Jasho lilinitoka hadi kwenye nyayo.

Sisi wabebaji tuna desturi yetu, ya tangu misafara ya pembe za ndovu kwenda Bagamoyo. Mzigo haupimwi kwa chombo. Asubuhi ya kwanza kila mtu anauinua wake mbele ya wenzake, anasema “wangu”, basi. Kuanzia hapo hakuna wa kuupima wala kuchungulia ndani. Kumpimia mtu mzigo aliokwisha kuukubali ni kumwita mwizi.

Nikayasema hayo yote, kwa sauti ya mimbarini. Nikamleta babu wa babu, nikamtwisha jino la ndovu, nikamvusha mto Malagarasi, ingawa kutoka kwetu kwenda Bagamoyo hakuna haja ya kuvuka Malagarasi. Nibizi akasogea akasimama upande wangu. Afande naye akasogea. Mwisho Adriano: “Daktari, samahani. Mzigo wa Leonadi haupimwi. Mimi namwamini.”

Daktari akaomba radhi. Akakunja mizani yake.

Nilijiona mrefu kwa dakika kama mbili. Kisha nikaenda nyuma ya choo, nikatapika uji.

Jumanne, 6 Agosti

Tumetembea kwa saa saba. Mbogo hakuna, nyayo za juzi tu.

Ukweli uandikwe: Daktari ametembea vizuri. Na kitambi chake! Mlima wa mawe aliupanda akipiga soga, kibunduki chake begani kama mwavuli. Mimi nilifika wa mwisho, nikajifanya naangalia ndege. Hapo nikakubali kwamba wepesi si upuuzi. Anayebishana nao hajabeba kitu.

Mchana akajaribu bunduki kwenye boksi la biskuti. Risasi ya mbogo kwenye bunduki nyepesi vile – imempiga teke bega mpaka kofia imeanguka. Mara ya pili alifumba macho kabla hajavuta. Mara ya tatu pia. Hema alipenda liwe jepesi, sawa. Lakini bunduki nzito inameza teke lake yenyewe, na hata ukiwa unahema mtutu unatulia. Ya kwake ilikuwa inacheza kila akivuta pumzi. Adriano ameona, nami nimeona. Tumemwacha aendelee. Mgeni kalipa.

Hesabu ya gramu: yeye ameokoa kilo mbili akapata teke. Mimi nimeokoa gramu mia saba. Nilipima asubuhi kwa mizani yake alipokwenda kuoga. Mia saba tu! Chupa ya maji ina zaidi.

Jumatano, 7 Agosti

Goti kama papai. Nimelifunga kwa kanga ya Jeska, chini ya suruali.

Nilitaka kuzirudisha risasi leo. Soksi niliitoa kabisa. Kisha Adriano akapita, akauliza kama nipo sawa kwa safari ya kesho, ni mbali. Nikasema kama kawaida. Soksi ikarudi chini ya kitanda.

Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane

Naandika kwa penseli, nimekaa chini ya mninga. Saa sita kasoro robo. Tunasubiri.

Saa tano na nusu Nibizi alipata mbogo dume, peke yake, mzee, amejaa matope. Gari tumeliacha korongoni, mwendo wa saa nne nyuma. Daktari alikuwa amekimbia kidogo ili upepo usimpelekee mbogo harufu. Akalenga. Mtutu unacheza. Akafumba macho – nilimwona. Bunduki ikampiga, darubini ikampasua nyusi, damu. Risasi ikaingia tumboni badala ya begani.

Mbogo akageuka. Adriano akanyoosha mkono nyuma, nikamweka Bibi kiganjani, kama siku zote. Akapiga tatu, haraka. Moja imempata pajani, mbili miti. Mbogo ameingia kichaka cha miiba, yumo humo, tunamsikia anavyopumua.

Mbogo aliyejeruhiwa unampa nusu saa adhoofike, kisha unamfuata. Ungeweza kumwachia hadi kesho, lakini ng'ambo ya kichaka kuna moshi. Warina asali. Nibizi anawajua, ni mzee Fikiri na binti zake wawili, mizinga yao iko pale na njia yao ya kurudi inapita hapahapa. Afande Veneranda amesema hatuondoki mpaka alale chini. Bunduki yake ya serikali, anasema mwenyewe, kwa mbogo ni ya kupiga kelele tu. Amemtuma Nibizi azunguke kwa mbali awazuie warina asali, lakini mzunguko ni mrefu.

Daktari alibeba risasi sita ili asizidishe uzito. Nne zimeishia kwenye boksi la biskuti na kwenye tumbo la mbogo. Amebaki na mbili na jicho moja.

Adriano ametulia kabisa. Nimemsikia akimwambia afande: “Tuko sawa. Bibi anayo moja ndani, na Leonadi ana ishirini kiunoni. Tutaingia mimi na yeye.”

Mimi na yeye.

Herufi zinapanda mlima. Naogopa. Simwogopi mbogo kama ninavyoiogopa sura ya Adriano atakapojua. Hata hilo ni la kijinga, maana mbogo ndiye ana pembe.

Daktari amekuja kukaa karibu yangu, kitambaa usoni. Ameomba radhi tena kwa habari ya mizani. “Ulikuwa sahihi, mzee wangu. Wepesi wangu ndio umetuponza.” Kisha akateremsha sauti. “Na hilo goti nimeliona tangu Jumanne. Mimi ni wa meno, lakini goti kubwa namna hiyo hata wa meno analiona. Sikumwambia bosi. Nipe mkanda nikubebee mpaka pale.”

Siku mbili amenifichia. Na mimi nilimcheka mswaki.

Nimemwambia mkanda hautoki. Desturi. Amekubali, ameinamisha kichwa kwa heshima kabisa! Nilitaka ardhi inimeze.

Robo saa imebaki. Moshi wa warina asali umekatika. Ina maana wamemaliza, wanafunga mizigo.

Nikinyamaza, Adriano anaingia kichakani na risasi moja akijua ana ishirini na moja. Atapiga hiyo moja. Atanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka. Misimu kumi na tisa hajawahi kugeuka.

Nikisema, basi ni kurudi nyumbani Ulyankulu, mahindi, na Jeska akiniuliza kila jioni ilikuwaje.

Nimemwita Daktari. Nimemuuliza kama anayo ile mizani. Anayo, bila shaka, ina gramu themanini. Amenipa bila swali. Nimeitundika kwenye tawi la mninga, nikavua mkanda, nikauweka kwenye ndoana kwa mkono wangu mwenyewe. Namba inarukaruka, sasa imetulia. Mkanda wa risasi ishirini hauwezi kuwa mwepesi hivi.

Adriano anakuja. Anauliza leo kuna nini, mzigo wangu upo mizanini. Sijainua macho, naandika. Nimemwambia asome namba, kisha afungue kifuko chochote, avute ganda, achungulie ndani.