Bei Moja, Chumba Kimoja

3 Machi

Mdogo wangu,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya uongozi mzima wa jimu yetu (yaani mimi), nakutangazia rasmi kwamba sasa tuna taulo zenye manukato. Mwanachama mmoja aliziomba, nami sikuona sababu ya kumkatalia.

Hujambo lakini? Watoto hawajambo? Sisi wazima, ila wifi yako amenuna tangu azione hizo taulo.

Mbali na vyuma vya mazoezi tuna chumba cha mvuke, kaunta ya sharubati, densi ya jioni aliyoiomba mama mkwe, na saa nzima ya ukimya kwa ajili ya mhasibu mmoja asiyependa muziki. Bei nazo zipo za kila namna: ya jirani, ya bwana harusi mtarajiwa, ya anayekuja kupiga soga tu. Watu wanatusifia mno. Kwa nini haibaki hata senti, hapo ndipo ninapogonga ukuta.

Kaka yako

12 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Salamu zimeishia hapo.

Taulo zenye manukato? Kaka, watu wanakuja kutoka jasho! Hivi umewahi kumwambia mtu yeyote "hapana"? Akitokea mtu anataka kufuga kuku kwenye chumba cha mvuke, wewe utamuuliza wangapi.

Akiba yangu ya kujengea nyumba ndiyo iliyonunua hivyo vyuma. Mpaka leo nimepanga, na wanangu wanalala sebuleni. Kwa hiyo nisikilize: chumba kimoja, bei moja, vyuma na mtu wa kuelekeza. Vingine vyote funga. Mkataba wa pango unaisha Juni. Kama hadi hapo jimu haijajiendesha, tunauza vyuma, na wewe unarudi kusimamia ghala la yule bwana wa mabati. Nisamehe, lakini nimechoka.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu tele, pamoja na za watoto wote. Samahani kwa ukimya, nilikuwa nimebanwa na kazi.

Nimefunga! Mvuke, sharubati, densi, taulo, vyote chali. Bei ni moja kwa wote, na asiyeitaka, mlango ule pale. Unajua kilichotokea? Watu wameongezeka. Pango limelipwa, na chako nimekutumia leo. Umeona kaka yako akishaamua?

Kaka yako, mtu wa maamuzi

6 Juni

Kaka,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Ulichotuma nimekipata, na nimefurahi mpaka nikaingiwa na wasiwasi.

Mtu aliyeshindwa kumfukuza paka wa jirani kwenye kochi lake mwenyewe, amewezaje kufuta densi ya mama mkwe? Nimempigia wifi nimuulize. Kapokea huku anahema, nyuma yake vyuma vinagongana, akasema, "Wifi, nina watu hapa, nitakupigia." Ana watu gani? Niambie ukweli.

Mdogo wako

15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Sote wazima, kwa kiasi. Sasa kaa vizuri.

Mwezi wa nne niliinama kufunga kamba ya kiatu, mbele ya wanachama, nikabaki hivyo hivyo. Mwenye jimu nikabebwa kama gunia na watu ninaowafundisha kubeba. Daktari akanilaza chali, akanikataza kunyanyua hata kikombe. Wifi yako akachukua funguo.

Usidhani alikuwa na mpango. Alikuwa na watoto, na cherehani, na sare za shule za watu, na mgonjwa mwenye kelele. Akasema ana mikono miwili tu, akafungua chumba cha vyuma peke yake. Aliyeulizia sharubati aliambiwa, "Maji yapo bombani." Aliyedai bei yake ya zamani aliambiwa, "Aliyekupa yuko kitandani, mfuate."

Hakuna aliyenifuata. Nililala nikingoja wagome, waseme bila yule baba hatuwezi. Wapi! Walileta na wenzao. Mama mkwe mwenyewe alinunua raba akahamia kwenye vyuma. Ile barua ya maamuzi niliiandika nikiwa chali, mwenye maamuzi akiwa kazini.

Mwenye jengo ametuongezea mkataba, basi vyuma haviuzwi. Msimamizi aliyeandikwa humo ni wifi yako. Mimi nilishika kalamu tu, nikampa.

Jana nimeruhusiwa kutembea, nikaenda. Ukumbi umejaa, kila mtu na chuma chake. Nikasimama katikati nisijue pa kuanzia, maana hakuna aliyekuwa na shida na mimi. Bwana mmoja mgeni akanitazama tumbo, akanishika bega kwa huruma: "Usione haya, mzee. Sote tulianza hivyo hivyo."

Nikamgeukia mke wangu aniokoe. Akasema, "Mwonyeshe vile vidogo."

Nikaonyeshwa, mdogo wangu. Nikashukuru, nikavichukua.

Kaka yako